Kununua na Kufufua Pikipiki ya Zamani Malindi Bila Kuiharibu

Nyuma ya nyumba za Barani, Ganda, Mambrui na hata katikati ya mji wa Malindi, bado kuna pikipiki za zamani zilizoegemezwa ukutani na kufunikwa gunia. Nyingi ni Yamaha AG100, Yamaha DT, Suzuki A100, Honda CG125 na zile Honda ndogo za Cub. Enzi zao zilibeba mabwana shamba, walimu, maafisa wa afya na wamisheni hadi Marafa, Jilore na Kakoneni. Zilipoanza kusumbua ziliwekwa kando. Kisha mwaka 2008 serikali ikaziondolea ushuru wa VAT pikipiki za injini ya chini ya cc 250, pikipiki mpya za bei nafuu zikajaa kila kituo, na hakukuwa tena na sababu ya kuhangaika na ile ya baba.

Zilizo bora kati ya hizo ni zile zisizoguswa: rangi ya kiwandani, stika zake, skrubu zake, hata kiti chake kilichopasuka. Mwongozo huu ni wa hizo. Nianze na ninaloliamini kwa dhati, kwa sababu hatua zote zinalifuata: kufufua pikipiki si kuipaka rangi. Pikipiki iliyopauka lakini inawaka kwa kiki ya pili ina thamani kuliko inayong'aa kwa rangi ya spre na kusukumwa kila asubuhi. Rangi mpya unaweza kuipaka mwaka wowote. Ile ya kiwandani ikishakwanguliwa, imekwisha.

Hatua ya kwanza: chagua aina utakayoimudu

Kuna familia mbili. Tustroki, yaani injini ya mipigo miwili kama AG100, DT na A100, haina vali wala kemu (mhimili wa kufungulia vali) juu. Ni nyepesi kufungua na sehemu zake ni chache, lakini inategemea mafuta ya kulainisha yanayochanganyika na petroli, na inategemea sana oili sili, mipira ya kuzuia uvujaji, za pande mbili za kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Fostroki kama CG125 na Cub ina oili yake chini ya injini na huvumilia zaidi uzembe wa mwenyewe.

Kwa anayeanza, napendekeza Honda CG125. Honda waliiingiza sokoni katikati ya miaka ya 1970, wakiwa wamewalenga watumiaji wa nchi kama zetu ambao hawabadilishi oili kwa wakati. Badala ya cheni ya kemu waliipa vijiti vya kusukumia vali, na mtindo huo wa injini umeigwa na viwanda vingi vya China. Ndiyo maana duka la spea za bodaboda laweza kuwa na gasketi, kebo ya klachi au ringi za pistoni zinazoikubali. Lakini nenda na kifaa cha zamani mkononi ukilinganishe pale kaunta, maana vinafanana sana kwa macho na tofauti ya milimita moja hukataa kuingia.

AG100 nayo naipenda kwa sababu nyingine. Cheni yake imefunikwa yote, ina keria mbele na nyuma, na breki zake ni za ngoma. Cheni iliyofunikwa kwenye upepo wa chumvi ni neema, na mara nyingi utakuta sproketi zake zingali nzima wakati pikipiki za rika lake zimebaki na meno ya msumeno.

Hatua ya pili: nenda kuikagua mchana, na vifaa mfukoni

Beba tochi, sumaku ndogo, bisibisi, spana ya plagi na kitambaa. Usiende jioni. Kutu ya Pwani inajificha, na mwanga wa jua la asubuhi ukiingia ubavuni huonyesha kila kidonda.

Anza na adabu kabla ya spana. Mwenye chombo kwa kawaida ni mtu mzima, na pikipiki ile ina sehemu ya maisha yake.

"Shikamoo, baba. Nimeambiwa una chombo kimelala, naomba nikitazame."

"Marahaba. Kipo, lakini mimi siuzi vyuma vya mizani."

"Sitaki kukikata, baba. Nataka kitembee."

Mazungumzo kama hayo hupunguza bei kuliko ubishi wa nusu saa. Muulize ililala kwa nini. "Ilizima barabarani ikakataa" ni jibu moja, na "nilinunua nyingine" ni jibu jingine kabisa. La pili lina matumaini zaidi. Muulize kama ana ufunguo wa pili, pampu, mfuko wa spana wa kiwandani au kile kitabu kidogo cha maelekezo. Vitu hivyo mara nyingi viko kabatini na havikumbukwi hadi viulizwe.

Kisha inama. Chuma cha fremu ndicho kitakachokufunga au kukufungua. Injini hutengenezwa, lakini fremu iliyoliwa na chumvi ni kazi ya kuchomelea isiyokwisha. Gonga taratibu kwa mpini wa bisibisi chini ya kiti, chini ya betri, na pale mkono wa gurudumu la nyuma unaposhikana na fremu. Sauti kavu ya mlio ni nzuri. Sauti iliyokufa, au maganda ya kutu yanayodondoka, ni onyo. Cub hasa zina mwili wa bati lililokunjwa, na maji hukaa ndani yake bila kuonekana.

Pitisha sumaku juu ya tangi na madigadi ya chuma. Ikiacha kushika mahali, pale pana pati iliyofunika shimo au mbonyeo, na hiyo si pikipiki isiyoguswa. Fungua kifuniko cha tangi, umulike ndani, unuse. Petroli iliyooza hunuka kama vanishi.

Sukuma kiki taratibu kwa mkono, usiirukie. Ikishuka na kupanda, injini haijakwama. Ikigoma, usilazimishe na usikate tamaa. Punguza bei tu. Ng'oa plagi, ziba tundu kwa kidole gumba na umwombe mtu apige kiki: hewa iking'oa kidole kwa nguvu, pistoni na ringi zina uhai.

Soma tarehe ya tairi. Tangu mwaka 2000, tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT, ile ya kiwandani ubavuni mwa tairi, ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2308 ni wiki ya 23 ya mwaka 2008. Mwenye pikipiki akisema ililala mwaka jana na tairi zote mbili ni za 2005 na hazijalika, unajua ulipo.

Hatua ya tatu: karatasi kabla ya pesa

Hapa ndipo wengi hupoteza, na sina huruma na haraka. Namba ya chasi kwa kawaida imegongwa kwenye shingo ya fremu, karibu na usukani, na namba ya injini iko kwenye ganda la injini. Zisafishe kwa kitambaa na petroli, zipige picha, kisha zilinganishe na logibuku herufi kwa herufi. Namba iliyokwanguliwa au kugongwa upya ni sababu ya kurudi nyumbani, hata kama pikipiki ni nzuri kiasi gani.

Usajili siku hizi uko chini ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, na uhamisho hufanywa kwa akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali: muuzaji anauanzisha, mnunuzi anaukubali. Hapo awali kazi hiyo ilikuwa ya KRA, mamlaka ya ushuru, na pikipiki ya miaka hiyo inaweza kuwa na kijitabu cha karatasi tu. Kabla ya kulipa, tafuta rekodi ya namba ya usajili kwenye mfumo uone ni jina la nani. Mara nyingi si jina la anayekuuzia. Kama aliyeandikwa amefariki, warithi ndio wenye mali, na wasiposhirikiana hutapata uhamisho. Kama kitabu kimepotea, mwenye jina ndiye wa kuripoti polisi na kuomba kingine, wewe ukiwa bado hujatoa pesa.

Bamba la namba la zamani, hasa lile la kabla ya mfumo wa namba zilizoanzia KAA, usilitupe wala kulinyoosha kwa nyundo. Ni sehemu ya pikipiki.

Kuhusu bei nina kanuni moja: hesabu tairi mbili, tyubu mbili, cheni na sproketi, betri, kebo zote, breki na gasketi kana kwamba vyote vinahitaji kubadilishwa, kwa sababu vingi vitahitaji. Jumla hiyo itoe kwenye bei ya pikipiki ya aina hiyo inayotembea. Kinachobaki ndicho cha kujadili.

Hatua ya nne: iondolee chumvi, usiifungue bado

Ikifika nyumbani, hamu ya kwanza ni kufungua kila kitu. Ingoje. Piga picha pande zote, kila njia ya waya, kila kebo ilipopita, kila stika. Kisha ioshe kwa maji baridi na sabuni laini, ukiwa umeziba mdomo wa kabureta, tundu la plagi na egzosi.

Maji yenyewe ni suala. Visima vingi vya mjini na karibu na ufuo vina chumvi, na kuosha kutu kwa maji ya chumvi ni kuilisha. Tumia maji ya bomba yanayotoka Baricho, au ya mvua. Rudia siku ya pili. Usitumie mashine ya presha kwenye beringi, kiti au stika.

Sasa nyunyizia kila nati na skrubu mafuta ya kulegeza kutu. Diseli iliyochanganywa na oili kidogo inafaa pia. Rudia kila jioni kwa wiki nzima. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na skrubu ya chuma ikikaa ndani ya ganda la alumini kwa miaka, metali hizo mbili huliana na kushikana. Subira ya wiki moja huokoa maganda ya injini yasiyopatikana tena.

Jambo moja ambalo mafundi wengi hawalijui: skrubu za msalaba za pikipiki za Kijapani zimechongwa kwa kiwango cha JIS, na bisibisi ya kawaida ya Phillips huteleza ikala kichwa chake. Tafuta bisibisi ya JIS, na kwa zilizogoma tumia ile ya kupigwa nyundo ambayo huzunguka kila inapogongwa. Kichwa cha skrubu kilicholiwa ni alama ya kwanza ya pikipiki iliyoguswa vibaya.

Kila nati unayotoa iweke kwenye mfuko wake wenye maandishi. Usibadilishe nati za kiwandani kwa mpya zinazong'aa eti kwa sababu ni za bei rahisi.

Hatua ya tano: injini iliyokwama

Kama kiki inashuka, ruka sehemu hii, lakini bado tia vijiko viwili vya oili safi kwenye tundu la plagi kabla ya kuzungusha chochote.

Ikiwa imekwama, ng'oa plagi na umimine mchanganyiko wa ATF ya gari (oili ya giaboksi ya otomatiki) na diseli, vijiko vitatu au vinne vya chakula. Kwa tustroki ni vizuri zaidi kutoa silinda hedi, ambayo imeshikwa na nati chache tu, kwa sababu pistoni ikiwa imeshuka, mafuta yatakimbilia kwenye matundu ya ubavuni na hayatazifikia ringi. Acha siku tano, ongeza, acha tena.

Kisha usipige kiki. Tia gia ya juu kabisa, usukume pikipiki mbele na nyuma kidogo kidogo kwa gurudumu la nyuma. Nguvu inafika kwa upole, na jino la kiki halivunjiki. Ikisogea hata upana wa ukucha, umeshinda. Ongeza mafuta na uendelee kesho. Kwa fostroki, toa kwanza kifuniko cha tapeti, pale vali zinapobonyezwa, uhakikishe vali zinapanda na kushuka. Vali iliyokwama wazi ikigongwa na pistoni, umeongeza ugonjwa.

Ikilegea, nunua au azima geji ya kupimia presha. Fungua akselereta yote na upige kiki mara kadhaa. Kwa injini ndogo kama hizi, ikisoma chini ya pauni 90 hivi kwa inchi ya mraba (psi), fungua silinda. Ringi zikiwa zimeganda tu kwenye mifereji yake, zitoe, usafishe kaboni, uzirudishe. Silinda ikiwa na mikwaruzo unayoihisi kwa ukucha, itahitaji kupanuliwa kwa mashine na kutiwa pistoni kubwa zaidi. Pistoni hizo huja kwa hatua za milimita 0.25, yaani 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Nunua pistoni kwanza, kisha umpelekee fundi wa mashine Mombasa silinda pamoja na pistoni hiyo, apime juu yake. Kupanua kabla pistoni haijapatikana ni kujiweka mikononi mwa bahati.

Hatua ya sita: tangi na kabureta

Kwanza la usalama: tangi lililowahi kuwa na petroli halisogezwi karibu na moto wala mashine ya kuchomelea, hata kama limekaa tupu miaka kumi. Mvuke unabaki, na huua. Lioshe kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa hadi harufu iishe.

Kutu nyepesi ya ndani huondoka kwa siki, au kwa asidi ya sitriki, ule unga mchachu unaotumiwa na watengeneza achari na juisi. Jaza tangi, acha usiku mmoja au miwili, mwaga, kisha suuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi.

Kutu nzito naitoa kwa umeme. Koroga maji na magadi ya kufulia, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita nne, ujaze tangi. Chomeka kipande cha nondo katikati ya mdomo wa tangi, kikishikiliwa na mpira ili kisiguse tangi popote. Chaja ya betri ya volti 12: hasi kwenye tangi, chanya kwenye nondo. Ukigeuza, utalila tangi lenyewe. Usitumie chuma cha pua badala ya nondo, kwa sababu maji yatakuwa na sumu. Mapovu yanayopanda ni gesi ya haidrojeni, kwa hiyo fanya nje, pasipo sigara wala jiko. Baada ya saa kadhaa nondo itakuwa imevimba kwa tope la kutu, isugue, irudishe. Uzuri wa njia hii ni kwamba rangi ya nje haiguswi kabisa, mradi maji yasimwagike juu yake. Likiisha, suuza, likaushe juani papo hapo, zungusha ndani oili kidogo ya tustroki, na utie chujio kwenye mpira wa petroli.

Kabureta ifungue juu ya sinia jeupe ili usipoteze kitu. Kabla ya kutoa skrubu ya hewa, ikaze taratibu hadi mwisho ukihesabu mizunguko, uandike, ndiko utakakoirudisha. Jeti zilizoziba kwa petroli iliyoganda zilowekwe, kisha zitobolewe kwa uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Kamwe usitumie waya wa chuma wala sindano, maana tundu la jeti ni kipimo, na likipanuka hata kidogo injini itakunywa petroli hadi uichoke. Tikisa floti sikioni: ukisikia maji ndani, imetoboka.

Ukiwa hapo, chungulia boksi la chujio la hewa na mdomo wa egzosi. Nyigu wa udongo hupenda kujenga humo, na nyumba yao ikivutwa ndani ya injini ni mchanga mtupu.

Hatua ya saba: moto wa plagi

Tia plagi mpya ya namba sahihi, iguse kwenye hedi, piga kiki kivulini, mbali na petroli. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Pasipo cheche, usikimbilie kununua koili. Chomoa kwanza waya wa kuzimia unaotoka kwenye magneto, kile kizalisha umeme cha injini, kwenda kwenye swichi ya ufunguo. Swichi iliyooza kwa chumvi huzima injini bila kukuambia. Kisha, kama pikipiki yako inazo, angalia platini, vile vidude viwili vinavyogusana na kuachana nyuma ya flaiwili. Vikikaa miaka huota ukungu. Vipitishe msasa laini, uvifute kwa karatasi safi yenye petroli, na uweke nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4 vinapoachana kabisa. Vikitoa cheche kubwa vyenyewe huku plagi ikiwa dhaifu, kondensa imekufa.

Viungo vya waya vyenye ukijani vikwangue, uvipake Vaselini. Kumbuka pia kwamba nyingi za pikipiki hizi ni za volti 6. Balbu ya volti 12 itawaka kama mshumaa, na betri ya volti 12 itaunguza taa zote.

Hatua ya nane: kuiwasha

Fostroki: mwaga oili ya zamani, safisha chujio la waya lililo chini, tia oili mpya, rekebisha tapeti. Tustroki: badilisha oili ya giaboksi, na usiiamini pampu ya oili hadi uione ikifanya kazi. Toa hewa kwenye pampu kwa skrubu yake, na kwa lita ya kwanza changanya mililita 40 za oili ya tustroki ndani ya petroli yenyewe, yaani moja kwa 25. Itatoa moshi mwingi, na hiyo ni sawa. Ukishaona oili inasogea kwenye mpira wake, rudi kwenye petroli safi.

Tumia petroli mpya kutoka kwenye chupa ndogo iliyoning'inizwa, si tangi. Weka ndoo ya mchanga karibu. Piga kiki kadhaa plagi ikiwa nje ili oili isambae, kisha irudishe, vuta choki, na piga.

Ikiwaka, sikiliza. Moshi mweupe mzito wa dakika chache ni oili uliyotia. Usipoisha, na oili ya giaboksi ikipungua, oili sili ya upande wa klachi inavuja. Injini ikipandisha mzunguko yenyewe bila kuguswa, sili ya upande wa magneto inavuta hewa, mchanganyiko umekuwa mkavu, na pistoni itaungua. Zima mara moja. Ikikataa kuzima, ziba mdomo wa kabureta kwa kitambaa kinene. Sili za kranki ni za bei ndogo, na kwa tustroki iliyolala miaka mingi mimi huzibadilisha hata kabla hazijalalamika. Fostroki ikitoa moshi wa buluu usiokwisha, rudi kwenye ringi au sili za vali.

Hatua ya tisa: isimame kabla haijaenda

Fungua ngoma za breki. Vumbi lile usilipulize kwa mdomo wala kompresa, kwa sababu bitana za breki za zamani zilikuwa na asbestosi, inayodhuru mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye maji, ukifunge kwenye mfuko na kukitupa. Bitana iliyobanduka kwenye chuma chake ni ya kubadilishwa bila mjadala.

Tairi na tyubu badilisha zote. Saizi za 2.75 na 3.00 za inchi 17 na 18 ziko kila duka la bodaboda, na zinafaa baadhi ya pikipiki hizi. Gonga spoku moja moja. Iliyolegea haitoi mlio.

Hatua ya kumi: ngozi yake

Sasa ndipo tuzungumze kuhusu sura, na nakusihi uwe mchoyo wa msasa. Rangi iliyopauka inaamshwa kwa polishi laini ya gari na kitambaa cha pamba, ukikwepa stika na kingo ambako rangi ni nyembamba. Kromu yenye madoa ya kutu isugue kwa karatasi ya foili ya kuokea iliyolowekwa maji. Foili ni laini kuliko kromu, hutoa kutu bila kukwaruza.

Mahali ambapo rangi imeshakwisha na chuma kina kutu kavu, ikwangue ile inayodondoka tu, kisha ilishe mafuta. Mafundi wa majahazi wa Lamu wamepaka mbao zao sifa, mafuta ya samaki, kwa vizazi, na mafuta hayo yanafaa kwa chuma pia. Kampuni ya rangi ya Rust-Oleum ilianzishwa Marekani mwaka 1921 na nahodha Robert Fergusson, aliyeona mafuta ya samaki yaliyomwagika kwenye sitaha yenye kutu yakiizuia isiendelee. Harufu ya sifa ni kali kwa kitu utakachokalia, kwa hiyo tumia mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yanayouzwa maduka ya rangi. Paka kiasi chembamba kwa kitambaa, futa yanayobaki baada ya robo saa, acha yakauke siku mbili, rudia. Vitambaa ulivyotumia vitandaze nje vikauke. Vikikunjwa na kurundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe.

Miezi ya kaskazi, Januari hadi Machi, ndiyo bora kwa kazi hii. Masika yakianza, unyevu hukaa chini ya mafuta na kutu huendelea kimyakimya.

Barabarani

Uhamisho ukikamilika, lipia bima, vaa helmeti, na uanze na safari fupi za mtaani kabla ya barabara kuu ya Mombasa. Ukishaingia barabara hiyo, safari ya Gede na kurudi inatosha kwa majuma ya mwanzo. Usiishikilie akselereta mahali pamoja, wala usiipandishe kilima kwa gia ya juu, hasa kama pistoni ni mpya. Ukirudi, iguse ngoma za magurudumu: iliyo moto kuliko mwenzake ina breki inayoshika. Baada ya kilomita 100 kaza tena nati za hedi injini ikiwa baridi, angalia spoku na cheni. Kwa fostroki, mwaga oili hiyo ya kwanza hata kama inaonekana safi, kwa sababu ndiyo inayobeba uchafu wote wa miaka ya kulala.

Ukiiegesha wakati wa kusi, usiifunike karatasi ya plastiki. Unyevu unabaki ndani na kuitafuna. Leso kuukuu mbili zinatosha, na kila baada ya safari ya ufuoni isuuze kwa maji baridi kabla chumvi haijakauka.